Juma Lenye Siku Mbili za Tano

Juma la Kiswahili huanza Jumamosi, siku ya mosi baada ya Ijumaa, kisha huhesabika vizuri hadi Jumatano, siku ya tano. Hapo huingia Alhamisi, neno la asili ya Kiarabu ambalo nalo maana yake ni siku ya tano, kwa kuwa Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Mswahili basi ana siku ya tano mara mbili kwa juma, na ya sita hana. Watu wengi huishi na jambo hili bila kudhurika. Mwandishi wa makala hulifanya mtaji: humwahidi mhariri kazi "siku ya tano", mhariri akaelewa Jumatano, naye mwenyewe akakusudia Alhamisi.

Jumamosi ni siku ya soko. Mwandishi wa Dar es Salaam hutumwa nyanya, akarudi na kitabu. Wauza vitabu vya mtumba hutandaza turubai kando ya njia, kitabu cha uhasibu kikalaliana na utenzi, na katikati yake huweza kuokotwa Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyochapwa mwaka 1960, ambamo Bwana Msa, kiko mdomoni, huchunguza mauaji. Bei huwa ya chini kwa namna ya kutia shaka. Sababu hujulikana Jumapili usiku, maharage yakiwa yameshaungua jikoni: kurasa za mwisho hazipo. Bwana Msa yu karibu kusema, na baada ya hapo ni jalada.

Jumatatu hupotelea katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981. Anayeifungua kutafuta neno moja hutoka saa nzima baadaye akiwa na mengine kumi na mawili, na lile la kwanza amelisahau. Faida ya safari hiyo ni mtondo, siku inayofuata kesho kutwa, na mtondogoo, inayofuata mtondo. Lugha yenye mtondogoo ilitungwa na watu waliodaiwa makala.

Jumanne hununuliwa karanga, si kwa njaa bali kwa ajili ya karatasi zilizofungiwa, maana kurasa zinazopotea vitabuni zina pa kwenda. Uchunguzi huu haujazaa muuaji. Umezaa mtihani wa hesabu wa mtoto asiyejulikana, aliyepata 7 kati ya 20. Mwandishi huijaribu karatasi ile kwa dharau, akapata 6.

Jumatano ni ya daladala. Konda hutaja kituo mara mbili. Msomaji huinua kichwa mwisho wa gari. Huko kuna chai ya tangawizi na chapati za moto, kwa hiyo hasara ni ndogo.

Alhamisi, siku ya tano iliyo halali, umeme hukatika makala yakiwa na aya moja. Majirani hutoa viti nje, na kwenye giza ndipo wasomaji hujulikana. Mzee wa nyumba ya pili, akishaitikia shikamoo, hutangaza kwamba riwaya ile aliisoma ujanani, na bila kuulizwa humtaja muuaji. Mzee mwenzake humkatalia na kumtaja mwingine. Ubishi hupanda hadi umeme unaporudi, na hakuna anayeutaka tena.

Ijumaa haina namba; jina lake ni la kukusanyika. Asubuhi yake, kabla ya adhana ya adhuhuri, ndipo makala huandikwa yote kwa pumzi moja, juu ya riwaya isiyo na mwisho. Mhariri huyasoma papo hapo na kupiga simu. Ya kuchelewa hayasemi.

"Sasa ndugu yangu," huuliza, "aliyeua ni nani?"