Mheshimiwa Diwani na mazoezi ya viungo

Tangu serikali ihamie Dodoma, Chamwino tuna waheshimiwa kuliko mibuyu. Wengine hupita barabarani kwa ving'ora, nawe na baiskeli yako unasubiri vumbi litulie. Mmoja hana king'ora, na huyo ndiye anayenitesa. Analala sebuleni kwangu, juu ya mto wangu. Jina lake Diwani, kabila lake paka.

Diwani aliugua. Alishikwa na homa, akatapika, akagoma kula mpaka ikabaki ngozi na mifupa. Afisa mifugo alipofika na pikipiki yake, neno la kwanza lilikuwa, "Shikamoo mzee, zizi liko wapi?" Huku ni kwa ng'ombe na mbuzi, mtaalamu akiitwa, anakuja amejiandaa kupambana na fahali. Alipoonyeshwa mgonjwa aliyejikunja ndani ya karai, alicheka mpaka akashika nguzo ya kibaraza. Lakini kazi aliifanya, na sina lawama naye. Alimwongezea maji chini ya ngozi, akamchoma sindano, akarudi tena na tena mpaka homa ikashuka. Siku ya kuaga akasema, "Ugonjwa umekwisha. Kilichobaki ni misuli, na hiyo ni kazi yenu hapa nyumbani."

Mke wangu, Mama Neema, akanitazama mimi.

Kumbe paka ana balaa lake. Binadamu akishinda njaa, mwili wake hujifunza kubana matumizi. Mwili wa paka haujui kubana. Umeumbwa kuishi kwa nyama, ini lake linachoma protini usiku na mchana, na nyama isipopita mdomoni linachoma ile iliyoko mapajani. Ndiyo maana Diwani alitoka kitandani na mgongo kama msumeno. Tena paka akikaa siku kadhaa bila kula, hasa aliyekuwa mnene, ini lenyewe hujaa mafuta, na hilo laweza kumuua hata kama ugonjwa wa kwanza ulishapona. Kwa hiyo paka aliyegoma kula siku nzima usimwambie "atakula akisikia njaa". Mtafute mtaalamu.

Basi tukaanza na jiko. Kuku wa kienyeji, nyama ya kifuani, achemshwe bila chumvi wala vitunguu, kwa sababu kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu damu ya paka. Achambuliwe nyuzinyuzi. Apashwe moto kidogo, maana paka aliyetoka kuugua pua yake bado nzito, na asiponusa hali. Apewe kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Mimi ugali wangu wa uwele na mlenda naukuta umefunikwa na kawa tangu saa saba, umepoa, na hakuna anayeniuliza kama nasikia harufu yake.

Kuku alipokwisha bandani tukahamia kwenye samaki. Mama Neema ana shoga yake anayepita na basi la Iringa, anamletea perege wa Mtera. Bwawa lile lilijengwa kutunza maji ya Ruaha Mkuu ili mitambo ya Kidatu isikose umeme wakati wa kiangazi, na lenyewe likafungiwa mitambo ya megawati 80. Wahandisi waliopiga zile hesabu hawakujua kwamba sehemu ya nguvu hiyo itaishia kwenye mapaja ya Diwani. Samaki anatolewa miba mmoja mmoja, chini ya taa, na miwani yangu.

Niliuliza, kwa upole, kwa nini asile ugali kama paka wa marehemu bibi yangu. Nikaambiwa na binti yangu, aliyesoma, kwamba nafaka haina taurini, na paka asiyepata taurini hupofuka na moyo wake hulegea. Hilo la moyo Wamarekani walilithibitisha mwaka 1987. Nikabisha: paka wa bibi hakupofuka, na habari za 1987 hazikumfikia. "Baba," akasema, "yule alikuwa anakula panya." Hapo nikanyamaza. Panya mzima ana nyama, moyo, ini na mifupa, kila kitu kwa kipimo chake. Ndicho chakula bora cha paka duniani, na ndicho pekee ambacho Diwani hakitaki siku hizi.

Kula peke yake, hata hivyo, hakujengi msuli. Kunajenga tumbo. Msuli unataka kazi, na kazi ya paka mgonjwa imegeuka kuwa kazi yangu.

Asubuhi, kabla sijanywa chai, Diwani analazwa ubavu. Nakanda mapaja yake taratibu, kisha nakunja na kunyoosha kila mguu, polepole, pale unapofika wenyewe bila kulazimishwa. Akivuta mguu au akigeuza kichwa kunitazama, naacha, kwa kuwa mtazamo huo ninaujua na makucha yake ninayajua. Halafu inakuja khanga. Inakunjwa kama mkanda mpana, inapitishwa chini ya tumbo mbele ya miguu ya nyuma, nami nashika ncha mbili juu na kumwinua kidogo tu, ili miguu ibebe uzito kiasi inachoweza. Hapo tunatembea. Yeye anatembea, mimi nimeinama pembe mraba, kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye kabati na kurudi. Mwaka juzi mgongo uliponishika, mimi nilipewa vidonge na kuambiwa "jitahidi kutembea, mzee". Hakuna aliyenipitishia khanga tumboni.

Vigae tulivyojivunia wakati wa kujenga navyo vikawa adui. Paka dhaifu anateleza juu ya kigae, miguu inapanuka, anaogopa, kesho hataki kusimama. Ikabidi sebule nzima itandikwe mikeka na magunia, pamoja na ule mkeka wa wageni uliotoka Pwani ambao mimi mwenyewe nakatazwa kuukalia na viatu.

Alipopata nguvu kidogo, mitihani ikaongezeka. Anasimamishwa juu ya mto, kwa sababu mto unabonyea na mwili unalazimika kujishikilia. Mipini ya mafagio inalazwa sakafuni, imeinuliwa kidogo kwa vitabu, ili akiruka ainue miguu. Kipande cha samaki kinashikwa juu ya pua yake asimame na kuketi, asimame na kuketi. Dakika chache tu, kisha mapumziko, kisha tena jioni. Akianza kuhema mdomo wazi tunaacha mara moja; mbwa akihema hivyo ni kawaida yake, paka akihema hivyo amezidiwa.

Kioja kilikuwa siku tuliyotoka naye uani na khanga yake. Jirani yangu, mzee wa Kigogo mwenye ng'ombe zake na heshima zake, akachungulia juu ya ua. "Mbukwenyi!" Nikaitikia nikiwa nimeinama. Akatazama khanga, akamtazama Diwani, akanitazama mimi. "Baba Neema, nyumbani wazima kweli?" Chamwino hii hii ndiko marais wastaafu walikozawadiwa tausi wa Ikulu mwaka 2020. Ukionekana unafuga tausi, watu wanakuita mzee mstaafu. Ukionekana unamfundisha paka kutembea, wanakuombea dua.

Yule mzee ana moyo, lakini. Jioni alileta maziwa fresh kwenye kibuyu. Nikayanywa mimi. Paka wengi wakishakuwa wakubwa tumbo lao haliyawezi maziwa ya ng'ombe, wanaharisha, na mgonjwa anayeharisha anarudi pale alipotoka. Mwingine akashauri nusu kidonge cha panadol "kwa maumivu ya viungo". Huyo nilimsindikiza mpaka getini. Panadol inaua paka, hata hiyo nusu, na tafadhali mwambie na mwenzako.

Kumpima tunampima dukani kwa Mangi, ndani ya kikapu, kwenye mizani ya sukari. Alianzia kilo 2.5, naye kabla hajaugua alikuwa anagonga 4. Sasa yuko kilo 3 na ushee, na wateja hununua sukari baada ya Mangi kuifuta mizani mbele ya macho yao. Lakini kilo zinadanganya, zinaweza kuwa mafuta. Mama Neema anapitisha vidole kwenye uti wa mgongo, mabegani na kwenye nyonga. Mifupa ile iliyokuwa inachoma sasa inaanza kuzama ndani ya nyama. Mimi pia nimepimwa siku hiyo hiyo. Nimepungua.

Juzi panya alipita mchana kweupe kuelekea kwenye gunia la uwele. Diwani alimwona, akamfuata kwa macho hadi mwisho wa safari, kisha akageuka kutazama sufuria.

Sasa nina ombi kwa majirani, maana nimegundua kwa nini tangu wiki iliyopita anakataa samaki wake wa jioni. Kuna mtu anampa mabaki juu ya ua. Ndugu zangu, nawasihi, Diwani yuko kwenye matibabu: msimpe mchuzi uliokaangiwa vitunguu, msimpe maziwa, msimpe ugali. Kama chakula kimewazidi kabisa, mlango wangu uko wazi, nami vitunguu havinidhuru.