Kila Mtu na Mafuta Yake

Ukitaka kujua nyumba zipi Kalemie zina mafuta, onyesha watu ufa kwenye kiti cha gari. Langu la abiria lilivushwa ziwa kutoka Kigoma likiwa na viti vya ngozi, na tangu hapo mtaa mzima umekuwa daktari wa ngozi.

Shemeji hakungoja hata kuulizwa. Alikuja na dumu la mawese alfajiri, nikiwa bado nimelala, akakipaka kiti chote cha nyuma. Mawese kwenye ubaridi wa asubuhi huganda, jua likiwaka huyeyuka, na wekundu wake unaopendeza kwenye sombe haubagui nguo. Mama mmoja wa kwaya alishuka mbele ya kanisa, nyuma ya gauni lake jeupe pamechorwa ramani ya Ziwa Tanganyika, kuanzia Uvira hadi Moba. Nauli hakulipa, na mimi sikuthubutu kudai.

Pasta naye akaleta mafuta ya zeituni, yale ya upako. Sina ugomvi na upako, ila zeituni ikikaa juani ndani ya gari lililofungwa vioo, huchacha. Harufu ya dagaa wa abiria wanaopanda na mizigo yao inanitosha.

Seremala akasifu mafuta ya kitani. Hayo hushikana na hewa yakakauka yakawa gamba, ndiyo maana kabati zake zinang'aa. Lakini kabati haikaliwi! Kiti kinachokunjwa na makalio mchana kutwa kinataka gamba la nini?

Mwenye hoja alikuwa muuza nyama peke yake: mafuta yanayochemshwa kutoka miguu ya ng'ombe. Kweli, watengeneza matandiko ya farasi huko Ulaya waliyatumia miaka mingi kulainisha ngozi. Nikamwagiza. Akacheka: miguu yote imeshaingia kwenye supu.

Basi nikadondosha tone la maji kwenye kiti. Likasimama pale juu, halikunywewa. Ngozi ya magari mengi ya siku hizi imepigwa rangi, na juu ya rangi kuna tabaka jembamba kama plastiki. Mafuta yataingilia wapi? Yanabaki juu yakikaribisha vumbi, na vumbi likisuguliwa na suruali linakwangua hiyo rangi. Ngozi tupu, ile inayofyonza tone, hiyo ndiyo ya kupakwa, tena kidogo. Hii yangu inataka kitambaa chenye unyevu, sabuni isiyo kali, na kivuli, maana jua ndilo linaloila.

Kuwaambia hivyo kumeniletea uadui. Shemeji anasema nimekuwa bahili. Pasta anaona nadharau. Nimenunua turubai nifunike gari mchana, na jana mlinzi wa jirani aliizunguka, akaishika pembe, akaniuliza hii naipaka mafuta gani.