Nanihii Imenanihii

Wiki iliyopita bomba la jikoni lilianza kuvuja, nikamwita fundi. Akajilaza chali chini ya sinki, akamulika kwa simu, akatoka na majibu: "Mwalimu, ile nanihii imenanihii. Tukiiacha hivi, itainanihii na hii nyingine."

Nimefundisha Kiswahili miaka 31. Nikamwomba, kwa upole, anitajie kitu kwa jina lake na kitendo kwa jina lake. Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa. Mama watoto, aliyekuwa anachambua mchele, akamjibu bila kuinua kichwa: "Kanunue mpya. Hiyo ya zamani hata usihangaike kuinanihii." Wakaelewana. Mimi nikabaki nimeshika ndoo.

Neno gani hili linaloingia kila ngeli bila kubisha hodi? Ni mtu, ni kitu, ni kitendo. Nyumbani kwangu "kamwambie nanihii akupe ile nanihii" ni sentensi kamili, na mtoto huondoka mbio akarudi na alichotumwa.

Tuje kwa "yaani". Juzi kwenye daladala ya kutoka Mbagala nilikaa jirani na binti anayezungumza na simu: "Yaani nikamwambia yaani, yaani wewe yaani!" Nikaanza kuhesabu. Nilifika 47, konda akanigusa bega anataka nauli, hesabu ikaniponyoka. Hadi tunafika Kariakoo sikujua huyo aliyeambiwa aliambiwa nini. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, na kazi yake ni kufafanua: ukisema "yaani", ufafanuzi unafuata. Kwa binti yule ilifuata "yaani" nyingine. Ila nisimwonee, maana Waarabu wenyewe hulitumia hivyohivyo kujazia mazungumzo. Tuliletewa mzigo pamoja na kasoro zake.

Wachezaji wa mpira nao nimewahifadhi kichwani. Kipenga cha mwisho kikilia, kipaza sauti kikisogezwa, najibu mwenyewe kabla yao: "Aah, kwanza kabisa nimshukuru Mwenyezi Mungu. Aah, mechi ilikuwa ngumu, wapinzani wetu walikuja wamejipanga, kwa hiyo, aah, tunarudi kufanyia kazi makosa yetu." Aliyefunga matatu husema hayo. Aliyefungwa matatu husema hayohayo.

Wanaonipandisha presha hasa ni wakubwa. Mtaani kwetu maji yalikatika siku kumi na mbili, tukaitiwa mtu wa ofisini atueleze. Akasimama, akafungua faili: "Kimsingi, niseme tu kwamba suala zima la maji, kwa maana ya maji, kwa namna moja au nyingine mchakato wake unaendelea, na mwisho wa siku wananchi mtanufaika." Jamani, suala zima! Tangu nizaliwe sijamsikia kiongozi akizungumzia nusu suala. Na hizo namna mbili, moja ni ipi, na nyingine ni ipi? Nilinyoosha mkono niulize. Akasema kimsingi muda umekwisha.

Kwa hasira hizo, ulipofika mwezi Julai na kituo kimoja cha redio kikanipigia, nilikubali kabla hawajamaliza kuomba. Walitaka wanihoji kwa simu tarehe 7, Siku ya Kiswahili Duniani, ile iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Nikaapa kuwaonyesha watu. Leo hakuna "yaani", hakuna "aah", hakuna "kwa hiyo". Nitafikiri kimya, kisha nitoe sentensi iliyopigwa pasi.

"Mwalimu, shikamoo. Kwa mtazamo wako, Kiswahili fasaha ni kipi?"

"Marahaba," nikasema, nikafunga mdomo nifikiri. Swali lilikuwa zuri. Kiima nilikipata mapema, nikawa natafuta kiarifu kinachokifaa. Nikiwa hapo katikati nikasikia: "Mwalimu? Hallo, Mwalimu, tunakupata? Naam, msikilizaji, mtandao unatusumbua kidogo, tutajaribu kumrudia Mwalimu wetu baadaye." Ikapigwa taarabu. Hawakunirudia hadi leo.

Mama watoto alikuja mbio kutoka sebuleni, redio mkononi. "Baba'ke, umepatwa na nini? Mbona ulikauka?" Jirani naye alishafika mlangoni kuuliza kama nimeanguka.

Jioni akaja mpwa wangu, anayesoma isimu chuo kikuu, akacheka mpaka akakaa chini. "Mjomba, kuna watafiti walipima lugha 10, wakachapisha mwaka 2009. Kati ya swali na jibu watu huacha wastani wa milisekunde kama 200, sehemu ya tano ya sekunde. Wewe uliacha ngapi?"

Nikakadiria sekunde sita.

"Hapo mjomba umeshazikwa, watu wanagawana vyombo."

Akaendelea kunisomesha, mimi niliyemfundisha irabu. Kwamba mwaka 2002 Herbert Clark na Jean Fox Tree walitetea hoja kwamba "uh" na "um" za Waingereza ni maneno kamili yenye kazi: la kwanza humtangazia msikilizaji kwamba nitachelewa kidogo, la pili kwamba nitachelewa zaidi. Ni kama konda anayepiga bodi la gari: bado tupo, tusubirini.

Sipendi kusahihishwa, hasa na mtu niliyembeba mgongoni. Lakini nililala nikiwaza, nikampa mchezaji haki yake. Kakimbia dakika 90, moyo uko kooni, na "aah" yake ni halali kama maji ya kunywa. Binti wa daladala naye alikuwa na hasira iliyomzidi maneno. Yule wa faili hakusita hata mara moja. Hakuhema. Alitiririka kama bomba, na hilo ndilo bomba pekee lililotiririka mtaani kwetu wiki ile. "Aah" husema: ngoja, nafikiri. "Kimsingi" husema: usingoje, hakuna kinachokuja.

Asubuhi hii nimeamka jikoni kumejaa maji. Nikampigia fundi.

"Mwalimu, kumetokea nini tena?"

Nikavuta pumzi nitafute jina la kile kitu. Sekunde ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, nikaikumbuka redio.

"Ile nanihii uliyoninanihia juzi," nikasema, "imenanihii tena."

"Ahaa!" akasema fundi. "Usiiguse, nakuja na spana kubwa."