Kutembea Dubrovnik na Mtoto wa Mji

Usimchukue mtu aliyezaliwa Mji Mkongwe wa Unguja kwenda kutazama mji mkongwe wa watu wengine. Hatautazama. Ataushindanisha.

Sahibu yangu Mbarouk alianza kabla hatujavuka lango la Pile, pale unapoingilia Dubrovnik, Kroatia. "Yakhe, lango gani hili halina hata msumari mmoja wa shaba?" Nikamkumbusha kwamba UNESCO iliuingiza mji huu kwenye urithi wa dunia mwaka 1979, na wa kwao ukangoja hadi 2000. Akanyamaza, lakini si kwa muda mrefu.

Mtaa mkuu, Stradun, umetandikwa mawe ya chokaa yaliyosuguliwa na nyayo za karne nyingi hadi yanang'aa kama sakafu iliyotoka kupigwa deki. Hapo magurudumu ya sanduku yanakwenda vizuri. Shida ni kwamba chumba chetu kilikuwa juu, na vichochoro vya upande ule ni ngazi tupu. Tangazo lilisema "dakika tatu kutoka mtaa mkuu", likanyamazia kwamba ni dakika tatu za kupanda. Mbarouk akaliburuta sanduku, daraja baada ya daraja, ko! ko! ko!, katika mji ambao mwaka 2023 ulishawaomba wageni wabebe masanduku yao kwa sababu wenyeji hawalali. Bibi mmoja aliyekuwa akianika nguo dirishani akamtolea macho. Mbarouk, kwa adabu zake zote, akaita, "Shikamoo, bibi!" Jibu alilopewa halikuwa marahaba.

Akalitia sanduku kichwani. Ndani, niligundua baadaye, mlikuwa na kanzu mbili, pasi na kilo tano za mchele. "Wazungu huwajui wewe," akanieleza.

Ramani ya simu aliikataa: mtoto wa Mji hapotei kichochoroni. Akapotea. Vichochoro vya kwao hupinda, naye hujua alipo kwa kuhesabu mapindo. Vya Dubrovnik vimenyooka. Isitoshe, baada ya tetemeko la 1667 nyumba za Stradun zilijengwa upya kwa mtindo mmoja, kila moja pacha wa jirani yake. Duka la aiskrimu tulilipita mara nyingi hadi muuzaji akaanza kutupungia mkono.

Kuta za mji, karibu kilomita mbili kuuzunguka, tulizipanda baada ya Mbarouk kujaribu kupatana bei ya kiingilio. Huko juu watu huenda upande mmoja tu. Alipokumbuka kofia yake na kutaka kurudi, mlinzi alitikisa kichwa. Jua la Julai likafanya kazi yake.

Chakula cha mchana kikawa crni rižot, wali unaopikwa kwa wino wa ngisi, mweusi tii. "Wameuunguza, na bei hawakupunguza," akanong'ona. Kisha akala, akakomba sahani, akataka kuonja yangu. Alipotabasamu kwenye picha, meno hayakuonekana. Ikabidi akasukutue kwenye chemchemi ya Onofrio, iliyokamilika mwaka 1438 na ambayo maji yake hunyweka hadi leo, huku watalii wakimngoja na chupa zao mkononi.

Ng'ambo tu ya chemchemi hiyo, ukutani mwa monasteri ya Wafransisko, limechomoza jiwe dogo lenye uso, karibu na ardhi. Husemwa kwamba ukilipanda ukiuelekea ukuta, ukavua shati bila kuanguka, utafanikiwa katika mapenzi. Mbarouk alikuwa na posa inayosuasua. Akapanda. Shati lilifika masikioni likagoma, mikono ikabaki hewani, na jiwe, lililolainishwa na nyayo za wenye posa waliotangulia, likamtema. Umati wa abiria wa meli ya kitalii ukapiga makofi.

Bahati ni kwamba monasteri hiyohiyo ina duka la dawa. Mbarouk akachechemea hadi kaunta, akapewa dawa ya kuchua. Alipoambiwa duka lilianzishwa mwaka 1317, aliomba kwanza aonyeshwe tarehe ya mwisho ya matumizi.

Posa ilikubaliwa mwezi Septemba. Yeye anasema ni lile jiwe. Mimi nasema ni mama yake, aliyekwenda tena kwa wale watu, safari hii na shangazi wawili.