Umezoea Kuwinda, Sasa Unataka Magwanda: Pa Kuanzia, Kutoka Namba 7 Hadi Namba 1

Kuna vijana waliolelewa na pori. Mmoja wao anainama kwenye vumbi mara moja, anakuambia nyati walipita hapa alfajiri, wana ndama, na mmoja anachechemea. Kijana wa namna hiyo akimaliza kidato cha nne, wajomba wote wanakuwa na ushauri mmoja: "Nenda kawe askari, shabaha si unayo?"

Wanasema kwa nia njema. Ila shabaha ndiyo kitu ambacho askari hukitumia mara chache kuliko vyote. Kuna askari wanaostaafu bila kumlenga mtu wala mnyama, na wanashukuru Mungu. Mtaji wa mwindaji ni macho, subira na kujua upepo unatokea wapi. Orodha hii basi imepangwa kwa kigezo kimoja tu: ni wapi mtaji huo utakulipa. Tunaanzia panapolipa kidogo.

7. Polisi wa mjini

Utaanza na kwata katika Shule ya Polisi Moshi. Ukihitimu, nyota yako ikiwa hafifu, unapangiwa barabarani. Usikate tamaa, ujuzi wa kujibanza kichakani hautapotea: muulize dereva yeyote wa basi la mikoani ni nyuma ya mwembe gani trafiki husimama na tochi yake. Ni uwindaji uleule, tofauti ni kwamba windo lina leseni, bima na shemeji anayefanya kazi wizarani.

Kama ulikuwa unawinda na mbwa, ulizia Kikosi cha Mbwa na Farasi. Mbwa wa huko ana mafunzo kuliko wewe, na mkaguzi akija atamsalimia yeye kwanza.

6. TFS, walinzi wa misitu

Mti ni windo la ajabu: haukimbii, haunusi, hauna pembe. Wanaokimbia ni wenye magunia ya mkaa kwenye pikipiki saa nane za usiku, taa zimezimwa, wakipita njia ambazo hata nguruwe pori anazikwepa. Hapo kuvizia kwako kutasaidia. TFS pia inasimamia ufugaji nyuki, kwa hiyo kama utotoni uliwahi kurina asali kwa moshi na ujasiri, usaili ukifika useme. Ujasiri utaje, idadi ya miba usiitaje.

5. KWS, shirika la wanyamapori, kwa ndugu zetu wa Kenya

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Ndiyo kusema kwenye kipengele cha "unapenda kufanya nini wakati wa mapumziko", andika kusoma na kuimba kwaya. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ilipoanza, aliyemwua mnyama aliye hatarini kutoweka alitazamiwa kifungo cha maisha au faini isiyopungua shilingi milioni 20. Piga hesabu hiyo kwa ng'ombe, uone kama ukoo wenu mzima unafika.

Mafunzo ni Manyani, upande wa Tsavo, ambako jua halina urafiki na mtu. Kazi ya kufuata nyayo ipo tele, na mtangulizi unaye: George Adamson alikuwa mwindaji kabla ya kuajiriwa na idara ya wanyama mwaka 1938. Mwaka 1956 alimpiga risasi simba jike aliyemrukia, kisha akabeba watoto wa simba huyo kwenda nao nyumbani, mmoja wao akiwa Elsa. Hiyo ndiyo hatari ya kazi: unaanza na bunduki, unaishia na chupa ya maziwa.

4. TANAPA, hifadhi za taifa

Hapa ndipo mama yako angependa ufike, maana picha za Serengeti anazijua. Hifadhi hiyo ina kilomita za mraba 14,763, na ile ya Nyerere, iliyotangazwa mwaka 2019, ina 30,893. Ndani yake huwindi kitu, hata kanga. Kwa aliyezoea kitoweo cha porini, ni sawa na kupangiwa ulinzi wa bucha ukiwa umefunga.

Lakini jicho lako litapata kazi ya kusaka mitego ya majangili. Tairi kuukuu linachomwa moto mpaka mpira uishe, zinabaki nyaya ngumu za chuma. Waya unafungwa kitanzi, unaning'inizwa kati ya vichaka viwili, kimo cha shingo ya nyumbu, palepale njia ya wanyama inapobana kuelekea mtoni. Mwenye macho ya mjini atapita hatua mbili kutoka hapo akiwa anasifia mandhari. Wewe utaona tawi lililopinda bila sababu, gome lililochubuka na nyasi zilizolala upande mmoja. Ukishauona mmoja, usisherehekee. Mtegaji hategi mmoja. Kaa utafute mingine yote.

3. Ngorongoro

Kilomita za mraba 8,292, zilizotengwa mwaka 1959 ili watu, mifugo na wanyamapori waishi pamoja. Maana yake, asubuhi unafuatilia chui, mchana unasuluhisha mambo ya malisho, na jioni hujui ni kipi kilikuchosha zaidi.

Heshima ya mahali hapa ni faru weusi. Wanalindwa mmoja mmoja na kila mmoja ana jina. Fausta alikufa Desemba 2019 akiwa na miaka 57, na taifa likatangaziwa kama kafa mtu mkubwa. Na ile hadithi ya Faru John unaikumbuka: mnyama alihamishwa, akafa, mpaka Waziri Mkuu akaagiza uchunguzi. Kwa hiyo fahamu unachokiomba. Ukipoteza mbuzi wa kijiji utagombana na jirani. Ukipoteza faru, utamjibu Waziri Mkuu.

2. Askari wanyamapori wa kijiji

Najua, hakuna anayempigia mchumba simu kumwambia amepata kazi ya VGS, yaani askari wa kijiji. Posho ni ndogo, wengine hujitolea, na bosi wako ni mwenyekiti ambaye uliwahi kumwibia maembe. Lakini kwenye jumuiya za hifadhi kama Burunge, Ikona na Enduimet, mwindaji anaiva hapa haraka kuliko kwingine. Mafunzo ya askari wa vijiji yapo Likuyu Sekamaganga, wilayani Namtumbo.

Kazi kubwa ni tembo wanaoingia mashambani usiku. Silaha zako ni tochi kali, honi na bomu la pilipili. Bomu lenyewe ni kondomu iliyojazwa unga wa pilipili na mchanga, ndani kukiwa na fataki. Ukikosea upepo, tembo anaendelea kula mahindi na wewe unalia mpaka asubuhi. Ukienda dukani kununua hizo kondomu kwa maboksi, nenda na mwenzako wa kushuhudia.

Kwenye bonde la Yaeda, vijana wa Kihadzabe, wawindaji wa jadi kabisa, wanalipwa kulinda msitu wao kwa fedha za hewa ukaa. Wanazunguka palepale walipokuwa wakizunguka siku zote, ila sasa kuna malipo.

1. TAWA na mapori ya akiba

Mshindi ni huyu, na sababu ni rahisi: hapa uwindaji upo kisheria, na kazi yako ni kuhakikisha unabaki hivyo. Msimu wa uwindaji wa kitalii hufunguliwa Julai 1, na kila msafara lazima uwe na askari wa serikali.

Fikiria mko nyuma ya kichaka, chambo kinaning'inia mtini, simba dume anatokea. Mteja ametoka ng'ambo, amelipa maelfu ya dola, kidole kinamwasha. Kanuni inataka dume awe na miaka 6 au zaidi. Wewe huangalii manyoya ya shingoni yanayowababaisha wageni, unaangalia pua: ya kijana ni ya waridi, ya mzee imejaa madoa meusi. Ukiona pua safi, unatikisa kichwa, na tajiri anashusha bunduki kwa amri ya kijana wa Namtumbo. Niambie ni ofisi gani nyingine ya umma inayokupa raha hiyo.

Na wawindaji hapa si wageni. Pori la Selous limepewa jina la mwindaji, Frederick Selous, aliyeuawa vitani Beho Beho mwaka 1917. Anayehesabiwa kuwa baba wa pori hilo ni Ionides, ofisa wa jeshi aliyekuwa jangili wa pembe za ndovu kabla ya kuingia idara ya wanyama mwaka 1933. Waingereza hawakuwa na methali ya kumpa mchawi mwana alee, ila waliitekeleza barabara.

Usidanganyike kwamba wasifu wa Ionides utapita leo. TANAPA, Ngorongoro, TAWA na TFS zote sasa ziko ndani ya Jeshi la Uhifadhi: saluti, kwata na upekuzi wa historia yako. Matangazo ya ajira mara nyingi hutaka cheti cha JKT, au cha vyuo kama Pasiansi cha Mwanza na Mweka cha Moshi. Pasiansi inafundisha askari wa wanyamapori tangu mwaka 1966, anza kuulizia huko.

Na lile gobore la babu lililofichwa darini, lipeleke kituoni ukalisalimishe kabla hujajaza fomu. Mtu akikutwa na nyara za serikali au silaha isiyo na kibali, anaingia mahakamani, na huko hata nyayo za nyati hazimsaidii.