Sifa za Mchelewaji wa Kwaya

Kila kwaya inayosafiri ina mwalimu, mwenyekiti, katibu, mtunza hazina na mchelewaji. Wanne wa mwanzo huchaguliwa kwa kura na kushukuriwa kila mwisho wa mwaka. Wa tano hajawahi kupigiwa hata kofi moja, ingawa yeye ndiye anayetajwa zaidi kuliko wote ndani ya basi. Deni hilo naomba kulilipa leo, kwa ushahidi wa siku ya matembezi ya kwaya yetu mjini Leipzig, Ujerumani, mji ambao wamisionari wake walifika Kilimanjaro mwaka 1893.

Sifa za mtu huanza na ukoo. Wasiompenda mchelewaji hudhani ukoo wake ni uzembe. Basi waingie kanisa la Thomaskirche mjini humo na kusimama mbele ya kaburi la Johann Sebastian Bach. Mwaka 1705, akiwa kijana wa miaka 20 na mpiga kinanda wa kanisa huko Arnstadt, Bach aliomba ruhusa ya wiki nne aende Lübeck kumsikiliza Dieterich Buxtehude. Ni mwendo wa kilomita 400 hivi, na inasemekana aliupiga kwa miguu. Alirudi baada ya miezi minne, na wakubwa wa kanisa wakamwita ajieleze. Majina ya wapiga kinanda waliorudi likizo kwa wakati mwaka ule nani anayajua?

Na hakuishia hapo. Alifariki mwaka 1750, akazikwa penye kanisa la Johanniskirche, na mwaka 1950 mabaki yake yakapata kaburi Thomaskirche, kanisa alilolitumikia tangu mwaka 1723. Kuchelewa miaka 200 kwenye kanisa lako mwenyewe, na bado ukawekewa nafasi mbele, hicho ni kipaji. Hata fuga, mtindo wa muziki uliompa heshima kubwa hivyo, ni ucheleweshaji uliopangwa vizuri: sauti moja huondoka peke yake, ya pili hungoja, ya tatu hungoja zaidi, na besi anaweza kuingia wenzake wakiwa wamekwisha kufika mbali. Wote wakiondoka pamoja, fuga hakuna.

Tutoke kwenye ukoo, tuje kwenye matendo. Ratiba za matembezi hutungwa na watu wanaoamini kwamba mji haupaswi kutafunwa bali kumezwa. Shuka, piga picha, panda. Mbele ya sanamu ya Bach iliyochongwa na Carl Seffner mwaka 1908, mwongoza watalii alitupa jina, mwaka, na amri ya kurudi kwenye basi. Katibu akahesabu vichwa, akapungukiwa na kimoja. Akahesabu tena, akapungukiwa na kilekile. Mama mmoja wa sauti ya pili hayupo.

Hapo ndipo matembezi yalipoanza. Watu wasio na pa kwenda walianza kuitazama ile sanamu. Mzee mmoja wa besi akagundua kwamba mfuko mmoja wa koti la Bach umegeuzwa nje, mtupu kabisa. Mtunza hazina akausogelea na kuuangalia kwa muda mrefu, kwa huruma ya watu wa kazi moja. Kina dada wa sauti ya kwanza wakaanzisha pambio kwa sauti ya chini, sauti ya tatu ikadaka, wapita njia wakasimama. Lilikuwa onyesho zuri kuliko yote ya safari ile, na kamati haikulipanga.

Aliyewahi, kwa upande wake, alikuwa ameshakaa ndani ya basi. Ameona nini Leipzig? Mgongo wa kiti cha mbele yake.

Wapinzani watanikumbusha kwamba chelewa chelewa utakuta mtoto si wako. Methali hiyo ni ya wazazi. Mtalii anatakiwa akute vitu visivyo vyake, ndicho kilichomtoa nyumbani. Watasema tena kwamba dereva anaonewa. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinamtaka dereva wa basi apumzike dakika 45 akishaendesha saa nne na nusu. Mchelewaji humpa pumziko hata kabla sheria haijamkumbuka.

Mwishowe yule mama akatokea, hana haraka, mkononi ana mfuko wa Leipziger Lerche, vikeki vya lozi vilivyochukua nafasi ya ndege waliokuwa wakiliwa mjini humo mpaka uwindaji wao ulipopigwa marufuku mwaka 1876. "Samahanini wapendwa," alisema, "jamani si mngeniacha tu." Kumbe alisikia kinanda kikifanyiwa mazoezi kanisani, akakaa kusikiliza hadi mwisho. Kwaya nzima ilivuka bahari kwa ajili ya muziki, na aliyeusikia ni yule tuliyekuwa tukimnung'unikia. Vikeki vikapita kiti kwa kiti, manung'uniko yakakosa mdomo wa kutokea.

Kwa hiyo natoa hoja: katika safari ijayo mchelewaji atambuliwe kikatiba, apewe posho sawa na katibu, na asiwe na naibu, maana wakiwa wawili tutalala stendi. Hoja hii iingizwe kwenye ajenda ya kikao kijacho cha kamati, mahali pa mwisho kabisa, kwenye mengineyo. Huenda mheshimiwa mwenyewe atakuwa ameshafika.