Kiboksi Hakizuii Aibu

Wanaotaka kurusha gemu mubashara wana imani moja nzito: kwamba aibu zote za mtandaoni zinatokana na kukosa kadi ya kunasia picha. Gemu ikiganda, dawa ni kadi. Sauti ikitangulia midomo, dawa ni kadi. Watazamaji wakiwa watatu, na mmoja wao ni mrushaji mwenyewe anayejichungulia kwa simu, dawa bado ni kadi. Mimi nashikilia kinyume chake. Kwa anayecheza kwenye kompyuta moja, programu ya bure inatosha kabisa, na hela ya kadi ina kazi nyingine inayoisubiri. Kadi ina mahali pake, nitapafikia, ila siyo pale ambapo wengi huiweka.

Usione vyaelea, vimeundwa. Picha ya gemu, hadi imfikie mtazamaji wa Twitch au YouTube, hupita hatua tatu: inanaswa, inakandamizwa ili ipungue uzito, kisha inarushwa kwenye intaneti. Hatua inayoitoa kompyuta jasho ni ya pili. Picha ya 1080p yenye fremu 60 kwa sekunde, ikiachwa ilivyo, hubeba takriban gigabiti 2 kila sekunde, ilhali Twitch hushauri urushe kilobiti zipatazo 6,000. Hapo unapunguza zaidi ya mara 300, na mtazamaji bado anataka kuona mpira ulipo. Sasa kadi nyingi za madukani hufanya hatua ya kwanza tu: hupokea picha kwa waya wa HDMI na kuiingiza kwenye kompyuta. Kadi ni mpiga debe: anajaza abiria kwenye daladala kwa kelele na mbwembwe, lakini usukani hashiki. Ukiifunga kwenye kompyuta hiyohiyo unayochezea, mambo yanachekesha zaidi: picha inatoka nyuma ya mashine, inatembezwa kwenye waya wa mita moja na nusu, inarudi ndani ya mashine ileile ilikotoka, na kazi ya kukandamiza iko palepale inaisubiri kompyuta yenyewe. Umenunua mzunguko.

Mwenye imani yake hakati tamaa. Atasema: lakini programu inakula kompyuta, na gemu inaanza kurukaruka. Ni kweli, ukiiacha programu ikandamize kwa kutumia prosesa ambayo tayari inahangaika na gemu. Ila hapo tatizo ni mpangilio, na dawa yake huwa imeshanunuliwa pamoja na kompyuta. Intel waliweka sehemu maalumu ya kukandamiza video ndani ya prosesa zao mwaka 2011, wakaiita Quick Sync. Nvidia wakafuata mwaka 2012 na NVENC ndani ya kadi zao za michoro, na AMD nao wana ya kwao. OBS Studio, programu ya bure iliyoanza mwaka huohuo wa 2012, inazitambua zote. Mtu anafungua mipangilio, anabadilisha neno moja kutoka x264, inayotumia prosesa, kwenda NVENC, na prosesa inapumua. Kwa hiyo ule ubishi wa programu dhidi ya kifaa, kwa sehemu kubwa, ni ubishi wa mtu asiyejua kwamba kifaa tayari kimo ndani ya kompyuta yake, kimekaa bure.

Kuna hoja ya pili, yenye heshima zaidi: mbona warushaji wakubwa walikuwa na kompyuta mbili, moja ya kucheza na nyingine ya kurushia, na kadi katikati? Walikuwa nazo, na walikuwa na sababu. Zamani vile vifaa vya ndani vilikandamiza vibaya: majani ya uwanja yaligeuka uji wa kijani mara tu kamera ilipokimbia. Aliyetaka picha safi alilazimika kuitumia prosesa nzima kwa kazi hiyo moja, ndiyo maana ya mashine ya pili. Lakini Nvidia walipotoa kizazi cha Turing mwaka 2018, ubora wa NVENC ulipanda kiasi cha kuiondolea kompyuta ya pili sababu yake kubwa. Kumuiga leo aliyejenga chumba chake kabla ya hapo ni kurithi gharama bila kurithi shida iliyozileta.

Halafu kuna vile viboksi vya kunasia picha vya bei poa, vidogo kama kidole gumba, vilivyoandikwa 4K kwa herufi kubwa kuliko kiboksi chenyewe. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Vingi hupokea 4K mdomoni tu. Kinachotoka upande wa pili ni 1080p, mara nyingi kwa fremu 30. Hupita kwenye USB 2.0, ambayo mwisho wake ni megabiti 480 kwa sekunde, wakati picha hiyo ikiwa ghafi inahitaji karibu mara mbili ya hapo. Ndiyo maana huikandamiza kwanza kwa MJPEG, fremu moja moja, na rangi zinafika zimechoka kama abiria wa usiku. Vingine hupakwa buluu kwenye ncha ili vifanane na USB 3.0. Rangi hiyo haiongezi kasi.

Haki nayo ina zamu yake. Anayecheza kwenye PlayStation, na anataka kuweka kamera yake, jina lake na mapambo ya kwake juu ya picha, atahitaji kadi, kwani OBS haisakinishwi kwenye PlayStation. Hapo nunua bila kunung'unika, ila ukumbuke kuzima HDCP, kinga ya kuzuia picha isinakiliwe, kwenye mipangilio ya PS4 au PS5, vinginevyo utarusha giza tupu huku ukishangilia bao. Kwenye PS3 HDCP haizimiki, kwa hiyo waya wa HDMI hautakusaidia. Vilevile yapo magemu yanayozuia programu kuyachungulia kwa hofu ya wadanganyifu, nazo kompyuta mpakato zenye kadi mbili za michoro huweza kuipa OBS kioo cheusi. Kadi haijui vizuizi hivyo. Yenyewe hupokea kinachotoka kwenye waya. Lakini kioo cheusi cha kompyuta mpakato hutibiwa kwa kuichagulia OBS kadi sahihi ya michoro kwenye Windows, na matibabu hayo hayana risiti.

Zaidi ya yote, aibu kubwa za kazi hii hazitibiwi na kadi wala programu. Maikrofoni iliyozimwa saa nzima hubaki imezimwa hata mbele ya kifaa cha bei ya pikipiki. Anayenasa kioo kizima badala ya dirisha la gemu atawaonyesha watazamaji ujumbe wa WhatsApp wa mwenye nyumba, ukiuliza kodi kwa ukali na kwa majina yake matatu. Naye akiwa na kadi, ujumbe huo utafika ukiwa na ubora wa juu zaidi. Bando nalo halina huruma: kwa kilobiti 6,000, saa moja inakula GB 2.7, na GB 1 inakwisha kwa dakika kama 22, kabla mechi ya kweli haijafika mapumziko. Umeme ukikatika wakati unarekodi, faili la kawaida la MP4 huharibika lote, ila la MKV husalimika hadi pale umeme ulipoondokea. Kuchagua MKV ni bure.

Hukumu yangu basi ni hii: kompyuta moja, programu; PlayStation au mashine mbili, kadi, tena ya maana. Na wewe uliyekwisha weka akiba ya kiboksi huku unachezea kompyuta yako mwenyewe, nunua maikrofoni nzuri na bando la mwezi. Kisha, kabla hujaenda hewani, hakikisha maikrofoni imewashwa.